Kilima Nilichokifuta

Moshi wa Dodoma una njia zake. Kuanzia Julai mpaka mvua zinapokaribia, upepo hutoka mashariki na kusini-mashariki, siku nenda siku rudi, na moshi hufuata njia hiyo hiyo. Ukiona utando wa kijivu juu ya Nzuguni, basi kitu kimeungua upande wa Mpwapwa, si upande wa Singida. Najua hivyo kwa sababu kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya skrini mbili na kuufuata moshi kwa macho: umetoka wapi, unakwenda wapi, utamfikia nani kesho.

Watu nikiwaambia kazi hiyo walidhani ninawaona. Jirani yangu mmoja aliwahi kuniomba nimtazamie mumewe, kama kweli alikuwa Mkonze kwenye kiwanja au alikuwa mahali pengine. Nilicheka mpaka nikaketi. Setilaiti tulizokuwa tunatumia haziwezi kumwona mume wa mtu. Moja hupita saa nne na nusu asubuhi, nyingine saa saba na nusu mchana. Zinapiga picha ya nchi nzima, halafu mfumo unatafuta mahali ambapo ardhi ina joto kuliko inavyostahili, na hapo unaweka nukta nyekundu. Shamba linaloungua ni nukta. Nyumba inayoungua inaweza kuwa nukta. Mtu hana joto la kutosha kuwa chochote.

Kilichonitisha tangu mwanzo, na sikukizoea hata siku moja, ni ukimya wa kazi yenyewe. Msitu unateketea, miti inapasuka, wanyama wanakimbia, na wewe unaona mkwaruzo mweupe tu kwenye ramani ya kahawia. Tena moshi hausogei mbele yako. Kwenye picha ya asubuhi uko hapa, kwenye picha ya mchana uko kule, na hapo katikati hakuna aliyeuona ukitembea. Ni kama mtu anayehama kiti kila unapogeuza uso. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nazima skrini kabla ya kwenda kula, eti usihame nikiwa sipo. Mwenzangu wa meza ya pili, mtu wa Kondoa, mpole wa sauti lakini mchokozi, alinitania kwa jambo hilo miaka yote tuliyokaa pamoja.

Kila siku saa kumi alasiri tulituma ripoti. Nukta zote za siku zilikwenda wilayani, na huko askari wa misitu walipanda pikipiki wakaifuata kila nukta mpaka ilipo. Ulikuwa utaratibu mzuri, na ulizima mioto mingi. Ubaya wake ni kwamba nukta haimjui mtu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliishi kwenye kilima kimoja kusini mwa Mpwapwa. Ukishuka kwenye basi unapanda bodaboda, na bodaboda ikishindwa unatembea. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mjomba ndiye aliyenilea na kunisomesha. Alilima mtama kwa kuberega, kama Wagogo wengi wa umri wake: hulimi kwa kina, unakwangua magugu na mabua, unayakusanya, unayachoma kabla ya mvua, halafu unapanda kwenye majivu. Siku ya kuchoma haikuwa siku ya mtu mmoja. Majirani walikuja na matawi mabichi wakasimama kuuzunguka mpaka wa shamba, kila mtu na upande wake, na moto ukijaribu kutoka unapigwa. Jioni wote walikunywa togwa nyumbani kwa mwenye shamba. Nikiwa msichana nilipewa upande wa mawe, ambako moto hauwezi kupita, na nilijiona mlinzi mkubwa.

Mwaka wa nne wa kazi yangu, nukta moja kati ya zile nilizotuma wilayani ilikuwa yake. Sikuijua. Kwenye orodha ni tarakimu tu zinazoonyesha mahali. Askari walifika wakamkuta anakanyaga majivu peke yake, majirani wameshatangulia kwenye togwa, na kibali cha kijiji hana. Walimchukua. Alilala ndani siku mbili, mzee mwenye mvi kichwa kizima, pamoja na vijana walioshikwa kwa wizi wa pikipiki. Mama alipopata habari alikuja kwangu Nzuguni, akakaa kwenye mkeka sebuleni, chai hakuitaka.

"Wewe si ndiye unayetazama kutoka juu?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ulimwona mjomba wako, ukamsema."

Nilijaribu kumweleza habari za tarakimu na mfumo. Aliniangalia kama anayesubiri nimalize uongo ili yeye aendelee. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilikuwa na hasira na kila mtu: askari, mjomba kwa kutochukua kibali, mama kwa macho yale, na mimi mwenyewe kuliko wote. Wengine hufanya ujinga wakiwa wamepandwa na hasira. Mimi niliufanya nikiwa nimetulia kabisa, Jumatatu, baada ya chai ya saa nne.

Kwenye mfumo wetu kulikuwa na orodha ya joto la kudumu. Matanuri ya matofali yalikuwemo, na mabati mapya ya maghala yanayowaka juani, vitu ambavyo setilaiti huvidhania moto kila mara. Kila kimoja tulikizungushia kisanduku kwenye ramani, na nukta yoyote iliyoangukia ndani ya kisanduku iliondolewa kabla ripoti haijaandikwa. Nilichora kisanduku juu ya shamba la mjomba. Kisha nikakumbuka kwamba nukta haianguki penyewe hasa, inaweza kuteleza ikaenda pembeni, nikakivuta kisanduku kikakua mpaka kikameza kilima kizima pamoja na msitu wake. Mfumo ukauliza sababu. Nikaandika: tanuri la matofali. Kwenye kilima kile hakuna udongo wa kutengeneza hata tofali moja.

Sikupaswa kumwambia, lakini nilimwambia. Nilikwenda kumsalimia mwaka ule ule, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila uchangamfu wake wa siku zote. Tangu atoke ndani alikuwa amepungua sauti. Nilipomweleza nilichofanya alinisikiliza akikuna goti.

"Kwa hiyo siku hizi mimi sionekani?"

"Huonekani, mjomba."

"Na mbuzi?"

"Hata mbuzi."

Alicheka mpaka akakohoa, akamwita mke wake aje asikie. Tangu hapo ikawa desturi yetu. Kila Oktoba alipanda kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya zizi, mahali pekee panaposhika mtandao, akanipigia. "Kesho naberega. Bado sionekani?" Nami namjibu, "Bado, mjomba." Tunacheka, tunaagana. Niliipenda sana simu ile. Niliona nimemlipa fadhila kwa kitu ambacho hakuna mpwa mwingine angeweza kumpa mjomba wake.

Jambo nisilolijua, au nisilotaka kuliuliza, ni kwamba alikuwa ameacha kuwaita majirani. Kibali kinaandikwa kwenye daftari la mtendaji wa kijiji, na majirani wakija wengi, wengi husema. Asiyeonekana ataomba kibali cha nini? Alikuwa anachoma peke yake, miaka minne mfululizo.

Mwaka juzi alinipigia Jumanne, nikiwa naingia kwenye kikao.

"Kesho naberega, mwanangu. Bado sionekani?"

"Bado, mjomba. Niko kikaoni, nitakupigia."

"Haya. Fanya kazi."

Sikumpigia. Kikao kilikuwa cha kupanga kikao kingine.

Alhamisi, picha ya saa nne na nusu ilipofunguka, mwenzangu wa Kondoa aliinama karibu na skrini yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada, hebu njoo uone hiki."

Ulikuwa moshi mnene unaoelekea upande wetu, kaskazini-magharibi, na kichwa chake kilikuwa bado hakijafika nusu ya njia. Moshi wowote una mwanzo. Unaufuata nyuma, unazidi kuwa mwembamba, mpaka unakuta nukta, moja au mia. Huu niliufuata nyuma nikafika kwenye kilima, na kilima kilikuwa safi. Moshi ulikuwa unatoka humo kama sauti ya watu ndani ya nyumba iliyofungwa milango yote, na nje hakuna hata kiatu.

"Hauna nukta hata moja," mwenzangu alisema. "Ningesema ni wingu, lakini wingu gani linaanzia chini? Leo mfumo wetu umeingiwa na jini."

Kilima kile nilikijua kwa umbo lake, hata kikiwa kidogo kama punje, kama unavyokijua kisogo cha mtu wa kwenu kwenye umati. Nilikwenda mezani kwangu, nikafungua orodha ya joto la kudumu, nikautafuta ule mstari wa tanuri la matofali, nikaufuta; mfumo huuacha mstari uliofutwa ukionekana kwa rangi ya kijivu. Mfumo ulichukua muda. Kisha nukta zikatoka. Zilitoka zote kwa pamoja, zikakifunika kilima kutoka bondeni mpaka mgongoni. Kati yake ilikuwepo moja ya jana yake, Jumatano, saa saba na nusu mchana. Ilikuwa peke yake katikati ya shamba. Ripoti ya saa kumi ingeipeleka wilayani, na pikipiki zingefika kabla jua halijazama.

Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliitazama skrini, akausoma mstari niliokuwa nimeufuta, akaona na jina la aliyeuandika. Kisha akarudi kwenye kiti chake.

"Piga simu," alisema. "Mimi natuma nukta."

Simu ya mjomba haikupatikana. Niliipiga mpaka nikaichukia sauti ya yule mwanamke anayesema hapatikani. Ya mtendaji wa kijiji iliita bila kupokelewa. Ofisini sikuwa na la zaidi la kufanya, na kukaa pale nikiangalia picha isiyosogea kulikuwa kunanitia wazimu, nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa anaishi kwangu tangu macho yake yaanze kuingia ukungu. Nilimkuta barazani anamenya karanga kwa vidole, haziangalii. Nikakaa, nikachukua konzi yangu, nikamenya naye. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Anga lilikuwa la bluu kabisa, watoto wa shule wanarudi, muuza maji anapita na baiskeli yake, na mimi najua kinachokuja na saa kitakayofika. Nilikuwa nimekiona. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoliogopa anga lile zuri.

Kilifika saa nane. Kwanza mwanga ulibadilika, ukutani ukawa kama chai ya rangi. Jua likawa jekundu, jekundu la kutazamika, dogo, limekaa juu yetu bila kuumiza macho. Mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata kivuli chake, alinyamaza. Kisha kuku wakaanza kuingia bandani, mmoja mmoja kwa foleni, saa nane mchana, wakatulia kwenye kijiti chao kana kwamba siku imekwisha. Jivu moja likaanguka kwenye ungo wa karanga. Lilikuwa jani zima, na mishipa yake yote, jeusi. Mama alilipapasa likavunjika, akanusa vidole.

"Mabua ya mtama," alisema. "Na miti mibichi ya kule juu." Akavuta pumzi ndefu. "Huu ni moshi wa kwetu. Kaka yangu anachoma."

Alikuwa anatabasamu. Akaanza kunisimulia jinsi walivyokuwa wakipewa viazi vitamu wavichimbie kwenye majivu ya shambani, yeye na kaka yake, na jinsi kaka yake alivyokuwa akimwachia kile kikubwa akisingizia kimeungua. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Simu ikaita.

Nilisimama nikaenda kuipokelea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa mtendaji. Alinipa pole kabla ya salamu, na hapo nilijua. Alisema moto ulitoka shambani jioni ya Jumatano, ukapanda msituni. Asubuhi, saa mbili, watu wa bondeni walimwona mjomba juu kule anafungua zizi, anawasukuma mbuzi washuke. Mbuzi walishuka wote. Walipoweza kupanda, saa nne, walimkuta ameegemea lile jiwe kubwa, ana tawi mkononi. Hakuwa ameungua popote.

"Ni moshi tu," mtendaji alisema. "Usiku kucha ulilala pale pale. Upepo umekuja kuamka asubuhi, kama saa mbili hivi."

Nikakokotoa. Sikutaka, lakini miaka tisa imeniharibu, nikisikia saa na upepo kichwa kinafanya hesabu chenyewe. Moshi huu uliotufikia saa nane uliondoka kilimani saa mbili. Uliondoka mjomba akiwa hai. Ulipita kwenye nguo zake, labda kifuani mwake, ukaja njia nzima mpaka barazani kwangu, na sasa mama alikuwa anauvuta huku anasimulia viazi.

Nilirudi nikakaa. Nilimwacha auvute kidogo zaidi kabla sijamwambia.

Tulimzika Ijumaa. Kilima kilikuwa cheusi chote, isipokuwa uwanja wa nyumba na zizi, na visiki vilikuwa bado vinafuka, kila kimoja uzi wake mwembamba wa moshi, kama watu wengi waliokaa kimya wanavuta sigara. Watu waliongea chini chini. Askari mmoja wa misitu alikuwepo, kijana, kofia mkononi. Hakujua mimi ni nani. Alikuja akanipa pole, na kwa kuwa alikuwa hajui la kusema akasema ukweli.

"Sisi huwa tunakwenda kwenye kila nukta, dada. Hata iwe wapi. Juzi haikuja."

Nilimwambia ahsante, pole na kazi.

Mke wa mjomba alikuwa ndani na wanawake wengine, kwenye mikeka, miguu ameinyoosha. Nilipoinama kumshika mkono alinivuta nikae ubavuni mwake. Alinukia moshi nywele zote. Alianza kunieleza bila kuulizwa, polepole, kwa Kiswahili chake cha kutafuta neno, maana lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigogo.

"Moto uliturukia jioni," alisema. "Tukaupiga na matawi, mimi na yeye. Nikamwambia, panda jiweni, mpigie mtendaji, walete watu. Akakataa. Nikamwambia basi mpigie mtoto. Hapo ndiyo akakataa kabisa."

"Kwa nini?"

"Akasema, tukiita watu wataandika. Wakiandika, moto utaonekana. Halafu watamuuliza mtoto kwa nini yeye hakuuona. Akasema, watamfukuza kazi yule. Tuupige wenyewe." Alinipigapiga kiganja, kama anayembembeleza mtoto. "Mimi akanishusha bondeni giza lilipoingia. Yeye akabaki. Alikuwa anakupenda sana, mwanangu."

Jiwe lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Nililipita nikienda makaburini. Nililia pale kwa sauti, na watu wakadhani ni kilio cha msiba kama vilio vingine. Kilikuwa cha aibu. Nilikuwa nimemficha mtu kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akaogopa kuonekana, na aliogopa kwa ajili yangu.

Tulipokuwa tunatupia udongo nilitazama saa. Ilikuwa saa saba na nusu. Niliinua uso. Hakuna kinachoonekana kwa macho, niliona anga tu, lakini nilijua setilaiti inapita, na nilijua itakachokiona: visiki, kila kisiki, mpaka ukingoni mwa kaburi. Sisi tuliosimama pale isingetuona.

Jumatatu nilirudi kazini. Mwenzangu wa Kondoa aliniletea chai mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akainama akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mfumo hukwama, kila mtu anajua hukwama, na yeye yuko tayari kusema aliuona umekwama. Alikuwa anataka kunificha. Nilimshukuru.

Saa tano mkuu wa kitengo aliniita. Alikuwa na karatasi mbele yake, orodha ya joto la kudumu, na mstari mmoja umepigiwa alama kwa kalamu nyekundu. Hakuwa mkali. Aliniuliza kwa upole kabisa kwa nini moto wa Jumatano hatukuuona.

Lilikuwa swali lile lile. Mjomba alikuwa amekaa nalo usiku mzima kilimani, na tawi mkononi, ili lisinifikie.

"Uliangukia ndani ya kisanduku nilichokichora mimi," nilimjibu. "Nilikuwa namficha mjomba wangu."